Mali Bila Daftari: Nani Anayesoma Miamba Yetu?

Kila unapozuka mjadala wa gesi asilia katika nchi hii, maswali huwa yale yale. Mkataba una nini ndani yake? Mgawo wetu ni asilimia ngapi? Bomba lipite wapi, na wananchi wa Lindi na Mtwara wabaki na nini? Ni maswali halali, nami nimeyauliza mara nyingi katika safu hii. Lakini liko swali moja lililolala chini ya hayo yote, ambalo sijapata kulisikia bungeni, wala katika makongamano ya wanaharakati, wala katika semina za watumishi wa umma. Ni nani aliyetuambia umri wa mwamba ule ulioko maelfu ya mita chini ya sakafu ya bahari, na sisi tulijuaje kwamba alisema kweli?

Msomaji anaweza kudhani hilo ni swali la anasa, la wasomi waliokosa kazi. La hasha. Umri wa mwamba ndio nanga ya hesabu zote zinazofuata. Wingi wa gesi, mahali pa kuchimba kisima kinachofuata, gharama zitakazorejeshwa kwa mwekezaji, hata thamani ya kitalu siku kinapouzwa kutoka kampuni moja kwenda nyingine, vyote huanzia hapo. Mimi ni mwanajiolojia. Kwa zaidi ya miaka kumi nimefundisha somo ambalo wanafunzi wengi hulisikia kwa mara ya kwanza siku wanapolikuta kwenye ratiba: namna ya kutumia visukuku vidogo mno, visivyoonekana vema bila hadubini, kuoanisha matabaka ya miamba mashapo. Leo naomba nilieleze somo hilo hadharani, kwa sababu naamini ni suala la kisiasa sawasawa na ibara yoyote ya mkataba.

Tuanze na tatizo lenyewe. Mafuta na gesi havikai katika ziwa la chini ya ardhi kama wengi wanavyofikiri. Hukaa ndani ya vitundu vya mwamba, mara nyingi mchanga uliogandamana, vikiwa vimefunikwa na tabaka la udongo mzito lisilopitisha kitu. Sasa chukua visima viwili vilivyo umbali wa kilomita arobaini. Katika kila kimoja wachorongaji wamepita kwenye mchanga wa rangi moja na ugumu mmoja. Je, ni tabaka moja linaloenea kutoka kisima hadi kisima, au ni matabaka mawili yaliyopishana kwa miaka milioni thelathini, yakafanana sura tu? Jibu la kwanza linaweza kumaanisha hazina kubwa, na la pili likamaanisha mabaki mawili madogo yasiyolipa gharama. Mchanga wenyewe hausemi. Mchanga wa kale na mchanga wa jana ni mchanga tu, wala hakuna jicho, hata la mzoefu, litakaloutofautisha kwa kuutazama.

Kinachosema ni viumbe waliozikwa humo. Mwingereza William Smith, mpimaji wa mifereji ambaye hakuwa na shahada ya chuo chochote, aliligundua hilo kwa kutembea na kutazama: kila tabaka lina kundi lake la visukuku, na makundi hayo hufuatana kwa mpangilio ule ule popote uendapo. Mwaka 1815 alichapisha ramani ya miamba ya Uingereza iliyojengwa juu ya kanuni hiyo. Miaka minne baadaye alifungwa jela kwa madeni. Kanuni yake haikufungwa. Ndiyo tunayoitumia hadi leo.

Kwa kisima cha mafuta, hata hivyo, kombe la pwani au mfupa wa mnyama mkubwa hausaidii. Keekee la mtambo husaga mwamba kuwa chengachenga, na chochote kikubwa kuliko kucha hutoka kimevunjika. Kinachosalimika ni kidogo. Hapo ndipo wanapoingia foraminifera, viumbe wa baharini wenye seli moja, ambao wengi wao hujijengea nyumba ya chokaa yenye ukubwa wa chembe ya mchanga au sukari. Mfaransa Alcide d'Orbigny ndiye aliyewapa jina hilo mwaka 1826. Wengine huishi sakafuni mwa bahari, wengine huelea katika maji ya juu. Hawa wanaoelea ndio saa yetu. Mikondo huwasambaza katika bahari nyingi, spishi zao huzaliwa na kutoweka kwa haraka kwa kipimo cha jiolojia, nao wanapokufa hunyesha kama mvua ya polepole hadi chini, wakazikwa katika matope ya siku hiyo.

Wanafunzi wangu huwaeleza kwa mfano wa sarafu. Watawala wa Kilwa walipiga sarafu zenye majina yao. Mwanaakiolojia akikuta sarafu ya sultani yule yule katika magofu mawili yaliyo mbalimbali, anajua kwamba matabaka yale mawili hayatofautiani sana kwa wakati, hata kama moja lina kuta za matumbawe na jingine ni jalala la vigae. Foraminifera ni sarafu zilizopigwa na bahari. Kila zama ina muhuri wake.

Kazi yenyewe haina fahari. Wakati wa kuchoronga, tope maalumu husukumwa chini ya kisima na kurudi juu likiwa limebeba chengachenga za mwamba. Kila baada ya mita kadhaa sampuli huchukuliwa, huloweshwa, kisha huoshwa juu ya chekeche lenye matundu ya mikroni 63, yaani karibu na unene wa unywele. Kinachobaki hukaushwa na kumwagwa kwenye kisahani cheusi chini ya hadubini. Kisha mtu hukaa, saa baada ya saa, akiokota gamba moja moja kwa ncha ya brashi iliyolowa na kulipanga katika visanduku vyenye namba. Kwa visukuku vidogo zaidi, vipande vya chokaa vya mwani wa baharini ambavyo ni vya mikroni chache tu, hupaka tope kidogo juu ya kioo kwa kijiti cha kusafishia meno na kupata jibu ndani ya dakika chache. Kwa chavua na spora, miamba huyeyushwa kwa asidi kali ambayo sitaki mwanafunzi yeyote aiguse bila uangalizi.

Humo ndani mna mitego, na mitego hiyo ndiyo inayotenganisha msomaji wa miamba na mpiga ramli. Mtego wa kwanza ni kuta za kisima. Kadiri keekee linavyoshuka, vipande vya juu huporomoka na kuchanganyika na vya chini. Kwa hiyo kuonekana kwa spishi fulani katika sampuli ya mita 2,000 si ushahidi kwamba iliishi wakati wa tabaka lile. Huenda imedondoka kutoka mita 1,500. Ndiyo maana sisi tunaosoma visima hatutegemei mwanzo wa spishi, tunategemea mwisho wake. Tukishuka kutoka juu, mara ya kwanza tunapokutana na spishi iliyokwisha kutoweka, tunajua tumefika katika zama zake au tumezipita. Katika kisima, msiba hutangulia na kuzaliwa hufuata.

Mtego wa pili ni kinyume cha huo. Mito ya kale ilikuwa ikimomonyoa miamba iliyokuwa mikongwe tayari, ikachukua visukuku vyake na kuvizika upya katika matope machanga. Asiyejua atakikuta kisukuku cha miaka milioni tisini na kutangaza kwamba tabaka lote ni la umri huo, kumbe ni mgeni aliyefukuliwa kaburini na kuzikwa mara ya pili. Ripoti yenye kosa la namna hiyo haina alama nyekundu. Imechapwa vizuri, ina michoro ya rangi na nembo ya kampuni. Anayeweza kuligundua kosa ni yule tu aliyewahi kukaa kwenye hadubini.

Visukuku hivi havisemi umri peke yake. Foraminifera wa sakafuni hutuambia bahari ilikuwa na kina gani walipokuwa hai. Spora hubadilika rangi kadiri mwamba ulivyopikwa na joto la ardhini, kutoka njano kwenda kahawia hadi nyeusi, na kwa rangi hiyo tunajua kama mwamba umefikia joto la kuzaa mafuta au umelipita. Katika Bahari ya Kaskazini, kwenye miamba ya chaki, wataalamu wa visukuku wamekaa juu ya mitambo ya kuchoronga wakisoma sampuli usiku na mchana ili kuliongoza keekee libaki ndani ya tabaka jembamba linalotakiwa. Kisima cha thamani ya makumi ya mamilioni ya dola kikiongozwa na mtu aliyeinama juu ya hadubini!

Ni nani waliouthibitishia ulimwengu wa biashara kwamba haya yanawezekana? Ni wanawake. Mwaka 1921 kijana wa Kimarekani, Esther Applin, alisimama mbele ya wanajiolojia na kueleza kwamba visukuku vidogo vingeweza kutumika kujua umri wa miamba ya mafuta katika pwani ya Ghuba ya Mexico. Profesa mmoja mashuhuri alimdhihaki hadharani. Yeye na wenzake wawili, Alva Ellisor na Hedwig Kniker, walikuwa wameajiriwa Texas na kampuni tatu zilizokuwa zikishindana. Hata hivyo walilinganisha walichokiona, na mwaka 1925 wakachapisha kwa pamoja mpangilio wa matabaka ya chini ya ardhi ya Texas na Louisiana. Dhihaka ilinyamaza. Makampuni yakaanza kujenga maabara. Nawasimulia wanafunzi wangu habari hiyo kila mwaka, na kila mwaka huwaona mabinti darasani wakiketi wima kidogo.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo penye uchungu. Huko Songo Songo gesi iligunduliwa mwaka 1974, na Mnazi Bay mwaka 1982. Kuanzia mwaka 2010 ukafuata ugunduzi wa kina kirefu cha bahari, visima vikapewa majina ya samaki na viungo vya jikoni: Pweza, Chewa, Jodari, Zafarani, Lavani, Tangawizi. Majina ni yetu, matamu mdomoni. Kiasi kinachotajwa na Serikali ni zaidi ya futi za ujazo trilioni 57. Takwimu hiyo tumeikariri wote. Lakini waliooanisha matabaka ya Zafarani na ya Lavani, waliokaa na kisahani cheusi na kusema tabaka hili ndilo lile, wangapi kati yao walikuwa Watanzania?

Si kwamba hatuna cha kusoma. Ajabu ya mambo ni kwamba pwani yetu ya kusini ni miongoni mwa maktaba bora za foraminifera duniani. Udongo wa Kilwa, ambao matabaka yake yamepewa na wanajiolojia majina ya Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande, haukuzikwa kwa kina kirefu wala haupitishi maji kwa urahisi. Kwa sababu hiyo magamba yaliyomo yamebaki kama kioo kwa makumi ya mamilioni ya miaka, ilhali sehemu nyingine nyingi yamegeuka umbo la ndani. Wanasayansi kutoka Uingereza, Ireland na Tanzania walichoronga visima vifupi katika eneo hilo mwanzoni mwa karne hii, na makala zilizotokana na udongo wetu zimechapishwa katika jarida la Nature. Makala ya mwaka 2001 ilionyesha kwamba bahari za tropiki za zama zile zilikuwa na joto kuliko ilivyodhaniwa, kwa kuwa magamba yaliyotumiwa awali kwingineko yalikuwa yamebadilika na kutoa joto la uongo. Miongoni mwa waandishi wake alikuwa Joyce Singano wa Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC. Taja jina hilo mtaani, hakuna atakayelijua. Taja mjusi wa Tendaguru, kila mtu ana maoni.

Simlaumu mjusi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walifukua Tendaguru, huko huko Lindi, na kusafirisha zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe yaliyoishika, yakibebwa kwa sehemu kubwa mabegani mwa wapagazi wetu hadi bandarini. Mifupa hiyo imesimama Berlin, na mjadala wa kurudishwa kwake au kulipwa kwetu ni wa haki. Ninachosema ni kwamba tumefundishwa kuona wizi pale tu kitu kinapokuwa kikubwa. Mfupa wa mita mbili ukitoka nchini, tunapiga kelele. Mfuko wa udongo ukitoka, nani ataulizia? Na maarifa yasipoingia nchini, hata kutoka hayatoki, basi hatuna hata pa kuanzia malalamiko.

Mimi mwenyewe gamba la kwanza la Kilwa nililiona nikiwa mwanafunzi wa uzamivu ughaibuni, katika maabara ya chuo kimoja cha Ulaya, asubuhi ya baridi kali. Msimamizi wangu, mtu muungwana, alivuta droo, akatoa kisahani, akaniambia nitazame. Chini ya lenzi kulikuwa na Hantkenina, gamba lenye miiba mirefu kama nyota, safi utadhani limeokotwa ufukweni jana. Kiumbe huyo alitoweka kabisa takribani miaka milioni 34 iliyopita, na kutoweka kwake ndiko kunakotumika kimataifa kama alama ya mwisho wa kipindi cha Eosini. Nikasoma lebo: Tanzania. Nilikuwa nimepita barabara ya Kilwa mara nyingi tangu utotoni, nikiuona udongo ule ukiteleza chini ya matairi wakati wa masika, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyewahi kuniambia kilichomo. Sikuona hasira siku hiyo. Niliona haya, haya ya mtu anayeonyeshwa na jirani vyumba vya nyumba yake mwenyewe.

Tangu hapo nimejitahidi kuwapeleka wanafunzi kusini kila fedha zinapopatikana. Safari moja katika Mkoa wa Lindi tulisimama kwenye mwamba wa chokaa uliojaa foraminifera wakubwa, wale wa mviringo bapa wanaoonekana kwa macho, ndugu wa wale waliojaa katika mawe ya piramidi za Giza. Mzee mmoja alikuja kututazama, akauliza kama tunatafuta dhahabu. Binti mmoja wa darasani, mwenyeji wa huko, akamwamkia na kumjibu, “Hapana babu, tunatafuta umri wa jiwe hili.” Mzee akaokota kimoja, akakigeuza kiganjani. “Hizi tulikuwa tukichezea duka tukiwa watoto,” akasema. “Zilikuwa pesa zetu.” Binti akampa lenzi ya mkononi, akamwelekeza namna ya kuisogeza karibu na jicho. Yule mzee alitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akauliza swali ambalo sijalisahau: “Sasa mwanangu, haya uyajuayo, yataandikwa kwa jina la nani?”

Nalileta swali hilo kwenu kwa sababu mwaka huu, katika chuo ninachofundisha, limeletwa pendekezo la kuliondoa somo la visukuku vidogo kwenye mtaala wa shahada ya kwanza. Sababu zilizotolewa ni tatu. Wanafunzi wanaolichagua ni wachache. Mwaka jana walikuwa wanane. Hadubini zimechakaa na hakuna fungu la kununua nyingine. Na tatu, ndiyo iliyosemwa kwa msisitizo, somo halina soko. Badala yake ipendekezwe kozi ya ujasiriamali.

Sina ugomvi na ujasiriamali. Nina ugomvi na neno soko linapotumiwa na taasisi ya umma kana kwamba soko ni mvua, hunyesha litakapo. Soko la wataalamu wa visukuku katika nchi yenye gesi huundwa na sera. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mtumishi katika ofisi moja ya umma, aliniambia hivi karibuni: “Mwalimu, ripoti hutufikia ikiwa imekamilika. Ina kurasa mia nne. Sisi tunahakiki kama kurasa zote zipo.” Alisema kwa utani, lakini hatukucheka.

Hebu tutafakari maana yake. Katika mikataba ya kugawana uzalishaji, kama hii yetu, mwekezaji hutumia fedha zake katika utafutaji, na gesi ikianza kutoka, hurejeshewa gharama hizo kwanza kutoka katika uzalishaji, kwa viwango vilivyokubaliwa. Kila mita iliyochorongwa bure ni gharama. Kisima kilichoendelea kushuka mita mia tatu baada ya kulipita tabaka lililolengwa, kwa sababu hakuna aliyesema wakati ufaao kwamba tumekwisha kulipita, ni gharama. Kisima kilichochimbwa juu ya uoanishaji mbovu ni gharama. Mwisho wa safari, sehemu ya gharama hiyo hubebwa na mwananchi. Mkaguzi wa hesabu anaweza kukagua ankara, akaona saini zipo na risiti zipo. Hawezi kukagua kama kisima kilistahili kuwa pale. Hilo hukaguliwa na mtu wa hadubini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mali hii limeandikwa kwa hati ya chokaa, nasi tunataka kuwafuta wasomaji wake.

Zipo hoja za upande wa pili, nami ninaziheshimu. Ya kwanza ni kwamba teknolojia imepita visukuku; siku hizi kuna picha za mitetemo na programu za kompyuta. Ni kweli kwamba picha za mitetemo huonyesha umbo la matabaka kwa mapana ambayo hadubini haitayafikia. Lakini picha hiyo hupima muda wa mawimbi kwenda na kurudi. Haipimi umri. Mstari unaong'aa kwenye picha ni mstari tu mpaka kisima kipite ndani yake na mtu aseme ni wa zama zipi. Programu nazo zinafundishwa kutambua magamba, jambo jema, lakini hufundishwa kwa maelfu ya picha zilizokwisha kutambuliwa na binadamu. Asiyekuwa na binadamu hao atanunua programu na atanunua pia makosa yake.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na wanaharakati wa mazingira wamenieleza kwa dhati: dunia inaondoka kwenye mafuta na gesi, kwa nini tuwafundishe vijana elimu ya sekta inayozeeka? Jibu langu ni kwamba elimu hii si mali ya sekta ile. Magamba yale yale ya Kilwa yanayopanga matabaka ya gesi ndiyo yaliyotumika, katika makala nyingine ya Nature ya mwaka 2009, kukadiria kiasi cha hewa ukaa angani wakati barafu ya Antaktika ilipoanza kujijenga, miaka milioni 34 iliyopita. Ushahidi kwamba hewa ukaa na barafu ya dunia vimefungamana umetoka, kwa sehemu, katika udongo wa Mkoa wa Lindi. Mwanaharakati anayekwenda kwenye mkutano wa tabianchi bila kujua hilo amekwenda bila silaha aliyozaliwa nayo. Gesi itakwisha au itaachwa. Haja ya kusoma ardhi haitakwisha: maji ya chini ya ardhi, misingi ya madaraja, kingo zinazoporomoka, vyote vinahitaji mtu ajuaye tabaka gani linafuata lipi.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Majirani zetu wa Uganda waligundua mafuta katika bonde la Ziwa Albert mwaka 2006, na Kenya huko Turkana mwaka 2012. Miamba yao ni ya maziwa ya kale, ambamo foraminifera wanaoelea baharini hawakupata kuishi. Huko kazi hufanywa na chavua na viumbe wadogo wa maji baridi wenye magamba mawili, na historia ya mimea ya Afrika Mashariki ndiyo kalenda. Bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima limeelekezwa Chongoleani, Tanga. Nchi zetu zimeweza kukubaliana juu ya bomba. Zingeweza kukubaliana pia juu ya maabara moja nzuri ya visukuku, yenye sampuli za pwani na za maziwa chini ya paa moja. Gharama yake, nathubutu kusema, ni ndogo kuliko ya kisima kimoja cha bahari kuu kilichokosa.

Kwa hiyo nina maombi matatu, na kila kundi la wasomaji wangu lina lake. Watumishi wa umma: Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 iliwapa mamlaka ya kusimamia mkondo wa juu wa petroli. Msipokee ripoti ya umri wa miamba bila sampuli na visahani vyake, na msikubali visahani hivyo vikae mahali ambapo Mtanzania hawezi kuvifungua na kuvitazama upya. Wanaharakati: mnapodai mikataba iwekwe wazi, daini pia takwimu za visima, kwa maana mkataba ni ahadi na takwimu ni kitu chenyewe kilichoahidiwa. Wanafunzi: njooni. Sitawaahidi ajira. Nitawaahidi hadubini iliyochakaa, maumivu ya shingo, na siku moja, pengine wiki ya saba, mtakapoangalia chembe iliyofanana na nyingine zote na kuitambua kwa jina.

Yule binti wa Lindi alimaliza shahada yake na sasa anaomba nafasi ya uzamili. Katika tasnifu yake alioanisha mikato mitatu ya miamba iliyoko umbali wa siku moja kwa miguu kutoka kwa babu yake, akakuta kwamba mmoja uliodhaniwa kuwa sawa na wenzake ni mchanga zaidi yao. Ni ugunduzi mdogo. Hautabadilisha bei ya gesi. Lakini umeandikwa kwa Kiingereza safi na muhtasari wa Kiswahili, una picha za magamba aliyoyaokota kwa mkono wake, na kwenye jalada pana jina lake kamili. Pendekezo la kuliondoa somo bado liko mezani. Kabla halijapigiwa kura, nitaiweka tasnifu hiyo juu ya meza hiyo hiyo, nami nitawaomba wenzangu waifungue.